Aliye Juu Mngoje Chini: Historia Fupi ya Kutua

Haya jamani, leo tuweke tarakilishi kando kidogo. Wanaonifahamu hapa Mountain View wanajua kwamba nikimaliza kuandika programu za watu, nina ugonjwa mmoja: vigari vya rimoti. Sisemi vile vidogo vya kuchezea sebuleni. Nasema vile vyenye umbo la pikapu na magurudumu makubwa kuliko mwili, ambavyo Wamarekani huviita monsta traki. Nikikirusha changu juu ya rundo la udongo, hakosi mtu wa kuuliza: "Hiki kimetengenezwa kwa chuma gani kisivunjike?"

Jibu huwashangaza. Sehemu kubwa yake ni plastiki! Kuruka ni rahisi, hata jiwe huruka ukilitupa. Kazi iko kwenye kutua, na historia ya kutua salama ni historia ya watu waliojifunza, mara nyingi kwa hasara, kwamba gari gumu huvunjika na gari linalojua kukubali hufika. Sehemu kubwa ya somo hilo ilifundishwa hapa kwetu, kwenye barabara zetu wenyewe. Ndiyo maana nataka tuisimulie.

Tuanze na hesabu kidogo. Usikimbie, ni ya shule ya upili tu :-)

Kigari cha kilo 4 kikianguka kutoka mita 1 hugonga ardhi kwa kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa. Kasi hiyo lazima iishe. Swali ni iishe ndani ya umbali gani. Ikiisha ndani ya sentimita 2, mwili wa kigari utasukumwa kwa nguvu ya karibu mara 50 ya uzito wake, yaani kama umekiwekea mzigo wa kilo 200. Ikiisha ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo hushuka hadi karibu mara 10, yaani kilo 40 hivi. Kigari ni kilekile, kimo ni kilekile, ardhi ni ileile. Tofauti ni sentimita 8 za kushuka polepole. Hizo sentimita 8 ndizo hadithi yetu yote.

Sasa turudi nyuma hadi mwisho wa Mei 1953. Wakati huo magari yaliondoka Nairobi kwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na mwaka 1974 likawa Safari Rally, jina tunalolijua hadi leo. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Dereva alikutana na matope, mawe, ng'ombe, basi la abiria, na mitaro iliyochimbwa na mvua ya jana usiku. Umbali ulizidi kilomita 5,000. Hakuna karakana ya Ulaya iliyoweza kuunda jaribio kama hilo.

Matokeo? Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 tena. Hebu fikiria programu inayoanguka mara 86 katika kila majaribio 93, halafu bado watu wanapanga foleni kuijaribu!

Lakini tazama ni magari gani yaliyoshinda katika miaka hiyo. Volkswagen Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Haya hayakuwa magari ya kifahari wala ya kasi ya kutisha. Wazee wetu wanayakumbuka kama magari ya mwalimu, ya mkulima, na baadaye ya kubeba abiria kwenda Nakuru na kwingineko. Peugeot hizo zilikuwa na sifa moja ambayo kila aliyepanda anaijua: zilinesa. Gurudumu lilikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka kabla mwili haujapata habari ya shimo. Ni zile sentimita 8 zetu, zikiwa kwenye gari la tani moja na zaidi.

Mtu wa pili wa kumtazama ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza ufundi katika gereji ya babake. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika mashindanoni na timu ya kiwanda, wao wakainunua. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwangu mimi ushindi si ndio unaovutia zaidi. Aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Katika mashindano yaliyowahi kumaliza na magari 7, mtu anayefika mara 19 kati ya 22 anajua kitu kuhusu kutua ambacho wengine hawakukijua. Fundi husikia gari likilalamika kabla halijavunjika.

Shekhar Mehta naye, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Timu za viwanda zilikuwa zikija Kenya wiki kadhaa kabla ya mashindano kujaribu magari yao kwenye barabara zetu. Walikuja shule, kwa lugha nyepesi.

Wakati Safari ikiendelea huku, Marekani nako kulikuwa na fundi mmoja wa Missouri, Bob Chandler, mwenye pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1974. Aliiongezea magurudumu makubwa zaidi na zaidi, akaiita Bigfoot. Mwaka 1981 aliipitisha juu ya magari makuukuu ikayaponda, na watu wakapagawa. Mchezo ukazaliwa. Hata hivyo, malori yale ya mwanzo yalikuwa mazito na magumu, na springi zao zilikuwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za lori la mchanga. Kuponda yaliweza. Kuruka yaliruka kidogo, na kila yakitua kitu kilivunjika, pamoja na mgongo wa dereva.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1989 na Bigfoot ya nane. Chandler aliichora kwa tarakilishi (hapo nikasimama kupiga makofi). Badala ya chesi nzito ya lori, alitumia fremu ya mabomba yaliyounganishwa. Badala ya vile vyuma bapa, alitumia shokomzoba ndefu zenye gesi ya naitrojeni. Gari likawa jepesi na gurudumu likapata njia ndefu ya kusafiri. Miaka 10 baadaye, Septemba 1999 huko Smyrna, Tennessee, Dan Runte aliirusha Bigfoot juu ya ndege ya Boeing 727, umbali wa futi 202, yaani zaidi ya mita 61. Chuma kilipungua, miruko ikaongezeka. Umeona mtindo?

Vigari vya rimoti vilipita njia hiyohiyo. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934, la kutembea kwenye lami. Mwaka 1979 ikatoa Sand Scorcher, ambayo ni Volkswagen Beetle ya mchangani. Naam, Beetle ileile iliyokuwa bingwa wa Safari. Mwaka 1987 ikaja Clod Buster, monsta traki yenye mota mbili na magurudumu yote manne ya kukata kona. Ilikuwa na nguvu ya ajabu, lakini ekseli zake zilikuwa kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Gurudumu la kushoto likigonga jiwe, la kulia nalo linapata taarifa.

Mwaka 1999 kampuni ya Traxxas ya Marekani ikatoa T-Maxx. Hapo kila gurudumu lilikuwa na mikono yake na shokomzoba mbili, jumla 8 zenye mafuta ndani. Kulikuwa pia na klachi ya kuteleza, inayokubali kupoteza nguvu kidogo ili gia zising'oke meno. Kuanzia hapo watoto kwa wazee wakaanza kurusha vigari juu ya paa za nyumba zao. Mwaka 2015 ikaja X-Maxx, mnyama wa zaidi ya kilo 8 anayeruka kana kwamba hana kilo hata moja.

Kuna sababu nyingine inayovisaidia vigari, na ni haki tuiseme. Ukipunguza gari mara 10 kwa kila upande, uzito unapungua mara 1,000, lakini unene wa mkono unaoubeba, yaani eneo la mkato wake, unapungua mara 100 tu. Kwa hiyo kidogo kina nguvu mara 10 zaidi ukilinganisha na uzito wake. Ndiyo maana siafu huanguka kutoka mtini akaendelea na safari, na tembo hathubutu. Usitazame kigari kikiruka ukadhani pikapu ya mjomba nayo inaweza.

Sasa, kabla hatujawapa Japani na Marekani sifa zote, nikumbushe jambo. Watoto wa Kenya wamekuwa wakiunda magari ya waya kwa miaka mingi sana: fremu ya waya, usukani mrefu wa fimbo, magurudumu ya soli za malapa au vifuniko vya Kimbo. Wale mabingwa wa mtaa walikuwa wakifunga vipande vya mpira wa tyubu kati ya ekseli na mwili, ili gari linese kama zile za Safari. Hakuna aliyewafundisha hesabu niliyoandika hapo juu. Waliona gari lisilo na mpira likipinda waya kwenye ukingo wa barabara, na lenye mpira likiendelea. Ni fremu nyepesi yenye springi laini. Bigfoot ya 1989, lakini kwa bei ya bure! Historia ya uhandisi wetu ingeandikwa vizuri, watoto hawa wangekuwa na sura yao.

Haya, mwenye kigari, historia hii inakuambia ufanye nini?

Kwanza, acha kukaza springi kila kitu kinapovunjika. Ukikiweka kigari chini, mikono yake ikae karibu sawa na ardhi, ili gurudumu liwe na nafasi ya kupanda. Mafuta ndani ya shokomzoba yawe mazito kiasi kwamba kigari kikitua kinashuka mara moja na kurudi polepole, bila kudunda. Springi peke yake hurudisha nguvu yote uliyoipa. Mafuta ndiyo huimeza na kuigeuza joto.

Pili, tua kwenye mteremko. Ardhi inayoshuka pamoja nawe inakuongezea umbali wa kusimamia bila gharama yoyote. Tambarare ndiyo inayoua.

Tatu, ukiwa hewani bado una usukani wa aina yake. Magurudumu yale ni mazito. Ukibonyeza mafuta yanazunguka kwa kasi zaidi na pua ya kigari inainuka. Ukishika breki, pua inashuka. Tumia hilo ili magurudumu yote manne yaguse ardhi kwa pamoja, kila shokomzoba ibebe fungu lake.

Nne, usitue ukiwa umebonyeza mafuta hadi mwisho. Gurudumu linalozunguka kama feni likikutana na ardhi ghafla, mshtuko unapanda moja kwa moja hadi kwenye gia. Hapo ndipo utajua maana ya kusubiri kifurushi cha vipuri kutoka ng'ambo, na ushuru juu yake.

Na asidhani mtu kwamba somo hili limezeeka. Safari iliondoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, nikiwa mtoto mdogo, na ikarudi Juni 2021, safari hii ikipiga kambi Naivasha. Magari yalikuja na teknolojia ya kila namna. Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, kisha shokomzoba ikamfia kwenye hatua ya Loldia. Ogier akachukua ushindi. Zaidi ya nusu karne tangu wale saba wa 1963, na barabara ya Kenya bado ilikuwa inauliza swali lilelile: ukishuka, una nafasi kiasi gani ya kushukia?

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa kawaida tunamwambia mwenye majivuno. Mimi naona ni ushauri wa kiufundi: ukitaka kitu kiende juu, anza kazi kwa kuandaa mahali pa kukipokea. Mimi nimebadilisha mafuta ya shokomzoba jana, na Jumapili hainyeshi. Wenye vigari tukutane kwenye udongo, na wenye magari ya waya waje pia. Hao ndio nina hamu ya kuwaona zaidi.