Herbert Spencer, Nechells na ardhi ya Wamaori

Herbert Spencer (27 Aprili 1820 – 8 Desemba 1903) alikuwa mwanafalsafa wa Uingereza, mzaliwa wa Derby, na mmoja wa watetezi wakali wa mtu binafsi mbele ya dola katika karne ya 19. Aliamini kwamba walowezi wasingaliweza kuwapora wenyeji wa makoloni kama serikali ya nyumbani isingewapa jeshi, bunduki na sheria. Makala haya yanaupima msimamo huo kwa historia ya Wamaori wa Nyuzilandi, na pia kwa mtaa wa Nechells, Birmingham, uliokua katika kipindi hichohicho.

Neno "ubinafsi" halitufai hapa, kwa kuwa katika Kiswahili lina doa la uchoyo. Hoja ya Spencer ilikuwa tofauti: kila mtu ana haki ya kutenda apendavyo ilimradi asiingilie haki sawa ya mwenzake, na kazi pekee ya serikali ni kuilinda haki hiyo. Katika kitabu chake *Social Statics* cha 1851 aliweka hata sura inayosema kwamba mtu ana haki ya kujitoa katika dola, akaacha kuilipa kodi na akakataa ulinzi wake.

Mtaa na reli

Nechells iko kaskazini mashariki mwa kitovu cha Birmingham. Zamani ilihesabiwa pamoja na Duddeston kama kitongoji kimoja cha parokia ya Aston, na mwaka 1838 ikaingizwa katika manispaa mpya ya Birmingham. Mwaka mmoja kabla, tarehe 4 Julai 1837, Reli ya Grand Junction ilifungua kituo chake cha Vauxhall huko Duddeston. Muda mfupi baadaye reli ya kutoka London ikafika Curzon Street, hatua chache kutoka hapo. Spencer aliajiriwa na reli hiyo ya London mwaka 1837 akiwa na miaka 17, ingawa kwa upande wa London, kisha akahamia Reli ya Birmingham na Gloucester. Mwaka 1844 alirudi Birmingham kuwa mhariri msaidizi wa *The Pilot*, gazeti la kundi la Joseph Sturge, Mkwekari aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa na haki ya kura kwa wanaume wote.

Karibu na reli hizo lipo jengo linaloipima hoja ya Spencer kuliko kitabu chochote: nyumba ya kupimia mitutu ya bunduki, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1813. Birmingham ilikuwa kiwanda kikubwa cha bunduki za biashara, zilizosafirishwa hadi Afrika na Pasifiki. Wamaori walizinunua kwa kitani na viazi. Hongi Hika, chifu wa kabila la Ngāpuhi, alizuru Uingereza mwaka 1820, na njiani kurudi akabadilisha zawadi zake kwa bunduki huko Sydney. Vita vilivyofuata viliua maelfu ya Wamaori kabla hata mkataba wowote haujatiwa saini. Hapo mtetezi wa biashara huria ana swali la kujibu, kwa sababu zile hazikuwa bunduki za gavana.

Barua za 1842 na Nyuzilandi

Akiwa na miaka 22, Spencer aliandika mfululizo wa barua katika gazeti la *The Nonconformist* kuhusu mipaka ya kazi za serikali, na moja ya mada zake ilikuwa makoloni. Aliisifu Pennsylvania, iliyoanzishwa na watu wenyewe na ikaheshimu madai ya wenyeji. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Mlowezi asiye na jeshi nyuma yake hana budi kuelewana na jirani yake. Ajuapo kwamba manowari itakuja kumtetea, hana sababu ya kuwa mwadilifu.

Nyuzilandi haikuwa nadharia tupu kwake. Kabla ya kupata kazi katika *The Economist* mwishoni mwa 1848 alifikiria kuhamia huko, akaandika sababu za kubaki na za kuondoka na kuipa kila moja alama. Uingereza ilipata 110, Nyuzilandi 301. Hata hivyo alibaki.

Waliokwenda walifuata mpango wa ulowezi wa Edward Gibbon Wakefield na Kampuni ya Nyuzilandi, iliyotuma meli ya *Tory* mwaka 1839. Tarehe 6 Februari 1840 Mkataba wa Waitangi ukatiwa saini. Machifu zaidi ya 500 waliusaini, wengi wao kwa nakala ya Kimaori. Katika nakala hiyo walimpa Malkia *kawanatanga*, neno lililoundwa kutokana na "gavana", na wao wakabaki na *tino rangatiratanga*, yaani mamlaka kamili juu ya ardhi, vijiji na hazina zao. Nakala ya Kiingereza iliyatoa mamlaka yote. Juni 1843 watu wa Kampuni, wakiwa na hati ya hakimu, walijaribu kumkamata chifu Te Rauparaha huko Wairau kwa ugomvi wa upimaji wa ardhi. Walowezi 22 na Wamaori wasiopungua wanne wakafa.

Waitara

Mfano unaoiunga mkono hoja ya Spencer na papo hapo kuitikisa ni wa Waitara, mkoa wa Taranaki. Mtu mmoja, Te Teira, alikubali kuuza shamba la ekari zipatazo 600. Chifu Wiremu Kīngi akakataa, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya jamaa nzima. Gavana Thomas Gore Browne akaamua kwamba mwenye kipande chake ana haki ya kuuza bila idhini ya chifu, na Machi 1860 akatuma askari. Maneno ya gavana yalikuwa yaleyale ya watetezi wa mtu binafsi: haki ya mmoja dhidi ya kundi. Ila aliyeyatamka ndiye aliyekuwa na mizinga.

Vita vilisambaa hadi Waikato mwaka 1863, dhidi ya vuguvugu la Mfalme wa Wamaori lililoanzishwa 1858 ili kuzuia ardhi isiuzwe. Katika kilele chake, askari wa kifalme walikaribia 12,000. Waikato ilinyang'anywa takriban ekari milioni 1.2 kwa sheria ya 1863. Sheria ya 1865 ikakamilisha kazi kwa kalamu: hati ya ardhi iliandikwa kwa majina yasiyozidi kumi, wengine wote wakageuka wageni katika ardhi ya babu zao. Na kati ya hao kumi, mwenye deni dukani alikuwa tayari ameshikwa.

Hapa ndipo Spencer alipokosea, na kosa lenyewe ni zito. Aliiona dola katika sare ya askari, asiione katika hati miliki. Jambo linalouma zaidi ni kwamba mwaka 1851 alikuwa amekwisha kuandika kwamba ardhi haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja, na kwamba hati za mwanzo zilitokana na nguvu na hila. Maneno hayo yalikuwa karibu sana na ya Wiremu Kīngi, lakini baadaye aliyakana. Henry George alimshambulia kwa hilo mwaka 1892.

Mji wa Chamberlain

Birmingham ilimsikiliza mtu mwingine. Joseph Chamberlain, meya wa 1873 hadi 1876, alinunua kampuni za gesi mwaka 1875, na mitambo ya Windsor Street huko Nechells ikawa mali ya mji. Mwaka 1895 akawa Waziri wa Makoloni. Desemba 1902 alifika Mombasa na kupanda Reli ya Uganda. Mwaka uliofuata Uasin Gishu ikapendekezwa kwa Wazayuni kana kwamba haikuwa na wenyewe. Spencer, akiwa mzee na mgonjwa, alikuwa ametoka kuchapisha mwaka 1902 insha zilizosema kwamba kuwatawala wengine kwa nguvu humfanya mtawala mwenyewe kuwa mtumwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua njia ya Waitara mara moja. Wamasai walihamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mapatano hayo ni jambo la dola, mahakama haiwezi kuyagusa. Jaji Prendergast wa Nyuzilandi alikuwa amekwisha kuufuta Mkataba wa Waitangi kwa namna inayofanana mwaka 1877. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari nchini Kenya, Mpango wa Swynnerton ukaanza kugawa ardhi ya Wakikuyu kwa hati za mtu mmojammoja.

Mwaka 1995 serikali ya Nyuzilandi iliwaomba radhi watu wa Waikato, na Malkia Elizabeth II akaitia saini sheria yenye radhi hiyo kwa mkono wake akiwa Wellington. Sehemu ya ardhi iliyorudishwa iliandikishwa kwa jina la Pōtatau Te Wherowhero, mfalme wa kwanza, aliyefariki mwaka 1860, ili asipatikane mtu aliye hai wa kuiuza.