Gumba la Andalusia

Utazame kwa karibu mkono wa kulia wa mpiga gitaa la flamenco. Gumba linaushukia uzi mnene kwa nguvu, linaupiga na kutua juu ya uzi unaofuata. Hapo hapo linakwangua nyuzi mbili tatu kwenda chini, kisha linarudi juu likizipitia kwa mgongo wa ukucha. Mapigo matatu, kidole kimoja. Wahispania huuita mtindo huo alzapúa, yaani kuinua risha. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi wa taarabu Unguja ataielewa risha hiyo mara moja, ila hapa risha ni ukucha wenyewe.

Kukwangua nyuzi kwa pamoja, rasgueado, ni jambo la kale Hispania. Gaspar Sanz, katika kitabu chake cha gitaa kilichotoka Zaragoza mwaka 1674, alikwisha kukutofautisha na kudonoa uzi mmojammoja. Wapigaji wa Andalusia wakakugeuza kuwa mvua: kidole cha mwisho, cha pete, cha kati na cha shahada vinafunguka kwa kufuatana, kila ukucha ukiacha mlio wake. Wakaongeza na golpe, pigo la ukucha kwenye ubao wa gitaa, ndiyo maana gitaa lao hubandikwa kibamba cha kuukinga ubao usichimbike.

Nadhani ukali huo ulitokana na haja ya kusikika. Katika mikahawa ya nyimbo ya Sevilla na Cádiz, nusu ya pili ya karne ya 19, vipaza sauti havikuwapo. Mwimbaji alipaza, visigino vya wachezaji vilitwanga jukwaa la mbao, na gitaa la saipresi lilitakiwa kupenya katikati ya yote hayo.

Vidole vingine vilipata nafasi polepole. Paco de Lucena (1859–1898) anakumbukwa kwa kuipanua picado, mbio za shahada na kati kwenye uzi mmoja. Ramón Montoya aliazima ufundi wa gitaa la klasiki, akaijaza tremolo, yaani kudonoa uzi mmoja haraka mfululizo: baada ya gumba, mapigo manne badala ya matatu ya klasiki. Mwaka 1936 alirekodi Paris gitaa peke yake, bila mwimbaji. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa chombo kilichozoea kuwa mtumishi.

Mwaka 1963, jijini New York, mpiga gitaa Sabicas alimhimiza kijana Paco de Lucía apige muziki wake mwenyewe. Picado ya kijana huyo baadaye ikawa kipimo cha wote.

Lakini huko Morón de la Frontera, Diego del Gastor, aliyefariki mwaka 1973, hakuifuata kasi hiyo. Alibaki na gumba, akiacha nafasi ya kimya kati ya pigo na pigo, na vijana wa Marekani wakafunga safari hadi mji huo mdogo kwenda kujifunza kwake.