Ua, Kisima na Kuku: Bustani za Nyuma ya Nyumba katika Miji ya Kale ya Pwani

Wanaoandika historia ya Kilwa huanza, kama ilivyo desturi, na dhahabu ya Sofala, wakafuatia masultani, kisha misikiti yenye kuba. Hapana ubaya kuanza hivyo. Lakini mji hauli dhahabu. Kila siku jua lichomozapo watu wa mji hutaka mboga ya kutowelea, na mgeni atokeapo ghafula hapana budi achinjiwe kuku. Vitu hivyo viwili vilitoka wapi? Mimi nadai kwamba sehemu yake kubwa ilitoka uani, hatua chache tu kutoka jikoni. Na kwamba kuviweka pamoja katika ua mmoja, kuku na mboga, haikuwa kazi ya kubahatisha bali ilikuwa elimu yenye mpango wake, ijapokuwa hakuna mwandishi wa zamani aliyeona yafaa kuieleza.

Mashahidi tunao, nao si wachache. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wenye samli, na juu ya wali huo wakaweka kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za malimau, pilipili na tangawizi. Mwaka 1505 Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika merikebu za Francisco de Almeida, aliiona Kilwa siku zile zile ilipotekwa, naye akataja machungwa, malimau, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia. Tena akaongeza neno lenye thamani kubwa kwetu, kwamba vitu hivyo vilipandwa bustanini na kunyweshwa maji ya visima. Miaka michache baadaye Duarte Barbosa aliisifu Mombasa kwa wingi wa vyakula, na kati ya sifa hizo alihesabu kuku wengi walionona na mboga za namna mbalimbali. João de Barros, ambaye hakuwahi kuiona pwani yetu kwa macho yake bali alisoma habari zake Lisbon, aliandika kuwa nyuma ya nyumba za mawe za Kilwa kulikuwa na bustani zenye miti ya matunda na minazi, ya kutia kivuli na kufurahisha macho.

Mtu asomapo habari hizo zote kwa pamoja ataona kuwa kila shahidi ameshika kipande chake. Mmoja ameona sahani, mwingine kisima, wa tatu kuku, wa nne mahali. Kazi ya mwanahistoria ni kuviunga vipande hivyo, na msaada wa kwanza hupatikana katika lugha yenyewe. Neno ua kwa Kiswahili lina maana mbili zisizotengana: ni kile kizuizi cha miti, makuti au mawe, na ni pale palipozuiwa. Msemaji wa Kiswahili hawezi kukitaja kiwanja cha nyuma ya nyumba pasipo kutaja ukingo wake. Wala si ajabu, kwani bustani isiyo na ukingo mbele ya kuku si bustani. Kuku mmoja mwenye vifaranga, akiachiwa asubuhi katika tuta lililoota juzi, hulimaliza kabla ya adhuhuri. Hali miche yote, bali huichakura kutafuta wadudu na kuiacha mizizi juu. Na ile methali isemayo kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni yatuonyesha njia nyingine ya kumzuia, hata ajue kwake ni wapi.

Huyo kuku naye ni mgeni wa pwani hii, na habari za kufika kwake zimewagombanisha wataalamu. Asili yake ni Asia. Mwaka 2001 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Tanzania, alitangaza kuwa mifupa ya kuku imepatikana katika pango la Zanzibar, katika tabaka za kale mno, kabla ya kuzaliwa Kristo kwa karne kadhaa. Kama ni hivyo, basi watu wa pwani walikuwa na maingiliano na Asia mapema kuliko ilivyodhaniwa. Lakini mfupa wa kuku ni shahidi mwenye hila. Umefanana mno na mfupa wa kanga na wa kwale, ndege wa mwitu wa nchi hii. Tena ni mwepesi, hutafunwa na paka na mbwa, na chujio lenye matundu makubwa huupoteza kabisa. Mwaka 2017 Mary Prendergast na wenzake walitoa matokeo ya kuichunguza upya mifupa ya mapango na miji ya visiwa na bara, kwa kuilinganisha moja moja, kwa kupima kaboni yake, na kwa kutafuta vinasaba na protini zilizobaki ndani yake. Ushahidi thabiti walioupata, hasa kutoka Unguja Ukuu, haukurudi nyuma ya karne ya 7 au ya 8 baada ya Kristo. Pamoja na kuku huyo alikuwapo panya mweusi, ambaye hakuna aliyemwalika.

Kwa maoni yangu Chami alikuwa na haki ya kuuliza, maana kabla yake wengi walidhani hapana cha kuulizwa; ila swali jema halimwondolei mtu wajibu wa kuthibitisha mfupa. Na kwa somo letu, karne ya 7 yatutosha. Yaonyesha kuwa kuku alikuwapo tangu miji ilipoanza kusimama, kabla ya kuta za matumbawe, wakati nyumba zilipokuwa za miti na udongo. Nyumba za mawe zilijengwa na watu waliokwisha kuzoea kuishi naye.

Sasa tuutazame ua wenyewe na jinsi ulivyopaswa kupangwa. Ardhi ya visiwa vyetu mahali pengi ni nyepesi: mchanga juu, mwamba wa matumbawe chini, na maji ya mvua hupita kama katika ungo. Mayr mwenyewe aliona kuwa udongo wa Kilwa ni mwekundu wenye mchanga juu yake. Udongo wa namna hiyo hauzai mboga mwaka baada ya mwaka usipolishwa. Ng'ombe huhitaji malisho mapana nje ya mji, kuku hahitaji. Yeye hula pumba na wishwa zilizopepetwa uani, makombo ya wali, vichwa vya samaki, mchwa na mende, kisha hugeuza takataka hizo zote kuwa samadi. Lakini samadi ya kuku ikiwa mbichi ni kali, huunguza mizizi. Sharti ikusanywe chini ya banda, ichanganywe na majivu na majani makavu, iachwe ioze miezi kadhaa, ndipo itiwe tutani. Basi mahali pa banda hapawi popote tu: pasiwe karibu na kisima, uchafu usije ukaingia majini, wala pasiwe mbali na matuta, mchukuzi asije akachoka. Kisima nacho hutaka kuwa karibu na mboga, kwa sababu mbivu na mbichi ya kiangazi huamuliwa na idadi ya ndoo. Kisha huja mpango wa majira: miche ikiwa michanga kuku hufungiwa au tuta huzungushiwa miiba, mboga ikishavunwa hufunguliwa waingie, wachakure, wale funza na mbegu za magugu, na kuliacha tuta tayari limelimika nusu. Adui wa bustani hugeuka kibarua wake.

Mboga zenyewe hazikuwa zile tuzionazo sokoni leo, na hapa wengi hukosea. Kabla ya Wareno hapakuwa na nyanya katika ua wa Kilwa, wala kisamvu, wala pilipili kali ya leo, wala punje ya mahindi ya kuwatupia kuku, kwa kuwa mimea hiyo yote asili yake ni Amerika. Pilipili aliyokula Ibn Battuta si hii yetu. Zipo tafsiri za Mayr zinazotaja mahindi Kilwa mwaka 1505. Neno la Kireno walilolitafsiri, milho, siku hizo lilikuwa jina la mtama na jamii yake. Kunde zilikuwapo, nazo ni mmea wa Afrika uliwao majani na mbegu. Biringanya, bamia na figili zimebeba majina yaliyopita kwa Waarabu, na jina bustani lenyewe asili yake ni Kiajemi. Ila kutokana na jina tu mtu asikate shauri kwamba na ufundi uliletwa pamoja nalo. Neno kuku halikuja na jahazi. Lugha nyingi za Kibantu za mashariki zina jina la namna hiyo.

Nani aliyevuta maji yale? Mayr asema watumwa walifanya kazi mashambani. Habari za uani hakuziandika, wala Ibn Battuta hakuziandika, kwa sababu iliyo wazi: mgeni mwanamume hupokewa barazani. Uani ni kwa wanawake. Wasafiri wote tuliowataja walikula mazao ya mahali wasipoweza kupaona, wakaandika kuwa nchi ina neema, kana kwamba neema humea yenyewe. Nami nasita kuwalaumu wao peke yao. Wachimbuzi wetu nao kwa muda mrefu walifuata kuta na vyungu, na nafasi iliyo wazi kati ya nyumba na nyumba waliiona kuwa si kitu. Ni katika karne hii tu, huko Songo Mnara, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliposhughulikia nafasi hizo kama sehemu ya mji, hata udongo wake ukapimwa kwa hadubini.

Nilipofika Kilwa Kisiwani, mama mmoja mwenyeji wangu alikuwa na tuta la mchicha nyuma ya nyumba yake, limezungushiwa makuti, na banda la kuku lililoinuliwa juu ya miti minne. Nilimwuliza kwa nini samadi hakuitia mara moja. Akacheka, "Mwanangu, waitaka mboga au waitaka moto?" Nje ya ua kuku wake walikuwa wakichakura mchanga, na kila walipochakura palitokeza kigae: kimoja chekundu cha chungu cha kienyeji, na kingine kidogo, cha kijani kibichi, kilichotoka China. Aliviokota vyote viwili, akavitupa nje ya njia ili visimkate mtoto mguu.