Lily, Land Rover kuukuu iliyovuka Bunagana mwaka 1967

Familia zinazovuka Bunagana na godoro kichwani zinakanyaga barabara ambayo mwaka 1967 gari kuukuu la Kiingereza lilipita likikimbia hatari. Lilikuwa Land Rover ya turubai, na mwenyewe aliliita Lily.

Mwenyewe ni Dian Fossey, Mmarekani aliyekuja kuchunguza ngagi wa milimani. Mwisho wa mwaka 1966 alitoka nalo Nairobi, akapita Uganda, akaingia Kongo. Gari lilibaki chini kule Kibumba, naye akapanda kwa miguu hadi Kabara, kwenye mlima Mikeno.

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948. Baada ya vita kuu, chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chasisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana bodi hukaa miaka mingi huku chasisi ikiliwa na kutu. Fundi anayetaka kufufua gari la aina hii huingia kwanza chini kwa nyundo, akigonga na kusikiliza wapi pameoza. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Kwa safari ndefu huongezwa majani ya springi, tangi la pili la mafuta na keria ya juu. Matairi ya akiba ni mawili, maana mawe ya volkano huku kwetu hayana huruma. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hutoa pia injini ya zamani na kufunga dizeli ya Kijapani. Wapenda magari ya kale hawapendi hivyo, lakini injini isiyo na spea sokoni itamfikisha nani? Jambo moja huachwa vilevile: usukani wa kulia. Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia, basi dereva anayeingia Bunagana hubadili upande, na akitaka kupita lori humtegemea aliyekaa pembeni amwangalizie mbele.

Julai 1967 mamluki na askari waasi walianzisha vita mashariki mwa Kongo. Tarehe 9 askari walipanda Kabara, wakamshusha Fossey, akawekwa Rumangabo. Kwa kusimulia kwake mwenyewe, Lily ndiyo iliyomtoa. Namba zake zilikuwa bado za Kenya, naye akawaambia askari kwamba pesa za kuliandikisha gari Kongo ziko Kisoro. Kusikia pesa, wakakubali kumsindikiza.

Huko Kisoro alifikia Travellers Rest, hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel. Wanajeshi wa Uganda waliitwa, wakawakamata wale wasindikizaji. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo Fossey alianzisha kambi ya Karisoke, upande wa Rwanda wa milima ileile.

Kutoka Bunagana hadi Kisoro ni kilomita chache tu. Tarehe 13 Juni 2022, M23 ilipouchukua mji, maelfu ya watu walikimbilia upande huo, na wengi wakapokelewa kambi ya Nyakabande. Wengi wao hawakuwa na gari wala karatasi za gari za kusingizia. Walivuka kwa miguu, watoto wakiwa mgongoni.