Shahidi Ndani ya Ekzosi

Pikapu ya petroli ikianza kubugia mafuta, wa kwanza kushtakiwa ni kihisi cha oksijeni. Hung'olewa, hununuliwa kipya, na mara nyingi ulaji hubaki palepale. Chimbuko la kifaa hiki linaeleza kwa nini: hakikubuniwa kubana matumizi, kilibuniwa kwa sababu ya hewa ya Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliowawasha watu macho mjini humo ulikuwa moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, uliopikwa na jua. Sheria ya Marekani ya 1970 ikadai magari mapya yapunguze sumu kwa asilimia 90. Masega ya ekzosi yanayoua sumu tatu kwa pamoja yanataka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, kipimo ambacho kabureta haikuweza kukishika. Bosch wakatengeneza kihisi cha kauri ya zirkonia, na mwaka 1976 Volvo wakakifunga kwenye magari ya soko la Marekani. (Pikapu zilikuwa na mlango wa kutorokea: Ford F-150 ya 1975 iliongezewa uzito ulioruhusiwa hadi ikavuka pauni 6,000, ikaponea kufungwa masega.) Na kipimo hicho cha 14.7 si cha ubahili, kwa kuwa injini ya petroli huokoa zaidi ikipewa hewa zaidi kidogo, karibu kilo 16.

Utaambiwa kwamba kihisi kibovu hula mafuta kweli. Ndiyo: volti yake ikikaa chini ya 0.45, kompyuta huamini kuna oksijeni ya ziada, ikamimina petroli. Lakini ekzosi iliyopasuka kabla ya kihisi huvuta hewa ya nje na kuleta habari ileile, na plagi isiyowasha huacha oksijeni ambayo haikutumika. Thamostati iliyokwama wazi ni mbaya zaidi, maana injini haipati joto na kompyuta inaweza kuendelea kumwaga petroli bila kumsikiliza shahidi yeyote. Kihisi kipya kitatoa ushahidi uleule.

Basi kwa nini mashine ya kupimia hitilafu za gari hukitaja kihisi kwa jina? Mfumo wa gari ambao mashine hiyo huusoma, uliolazimishwa kwa magari na pikapu nyepesi zote mpya Marekani kuanzia 1996, uliwekwa kulinda moshi. Msimbo wake husema usomaji umetoka nje ya mipaka, hausemi nani ameutoa. Kwetu nadhani tabia ya kukishuku ilikuwa na msingi wake zamani. Risasi iliyokuwa ndani ya petroli hukiua kihisi, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Siku hizi kinachokifunika mara nyingi ni masizi, au oili inayopanda kwenye silinda, na oili hiyo huweza kuletwa na ringi za pistoni zilizolika.