KINYAMKERA: KABLA YA TINKER BELL, BUNJU ILISHAKUWA NA VIUMBE WA MITINI

Ukimtajia kijana wa leo viumbe wadogo wa hadithi, akili inakimbilia Ulaya moja kwa moja. Kadada kenye mabawa, kafimbo mkononi, vumbi linalong'aa. Hako ni Tinker Bell, na kalianza kuonekana jukwaani London mwaka 1904. Sasa hivi tunawavalisha watoto wetu kigauni chake kwenye bethidei.

Lakini sisi watu wa Kinondoni tunao wa kwetu, tena hapa hapa wilayani. Anaitwa Kinyamkera.

NI NANI HUYO?

Kabla ya Tegeta na Bunju kujaa mageti na maduka ya vifaa vya ujenzi, huku kulikuwa na mapori na mashamba ya Wazaramo. Wao walisema pori lina wenyewe. Mmoja ni Mwenembago, yaani mwenye pori. Mwingine ni Kinyamkera, roho ya mtoto inayoishi kwenye uwazi wa miti mikubwa. Kwa kawaida haonekani, ila akijitokeza ni nusu mtu: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Mabawa hana kabisa!

Neno lenyewe limo hata kwenye kamusi za Kiswahili, na linatumika pia kwa ule upepo unaozunguka na kubeba vumbi. Ndo maana ulipokuwa mdogo uliambiwa "kimbia, shetani anapita".

Na si stori za kale sana. Miaka ya 1960 mtafiti mmoja kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi Bunju na wanakijiji akijifunza mila za Wazaramo, na mwaka 1970 kikatoka kitabu chake kuhusu ibada zao. Alikuta watu wanaoishi na mizimu na pepo kama unavyoishi na jirani. Ukimkosea anakuumiza, kwa hiyo unaenda kumtuliza. Hata leo kwenye mibuyu mikubwa ya pwani unaweza kukuta kitambaa kimefungwa au sarafu zimeachwa shinani.

KUMBE NA WAZUNGU WALIOGOPA

Usidhani wenzetu wale wa kwao walikuwa wazuri kama kwenye katuni. Mkulima wa Ireland hakuwataja hovyo. Aliwaita "watu wema" ili wasikasirike, kama bibi zetu wanavyokwepa kumtaja nyoka usiku. Mwaka 1999 huko County Clare barabara kubwa ilitakiwa kupita kwenye kichaka cha miiba kinachosemekana ni cha viumbe hao. Msimulizi wa hadithi, Eddie Lenihan, akapiga kelele magazetini, na kichaka kikaachwa. Hebu fikiria mbuyu wa Kinondoni ungepata mtetezi kama huyo!

Hapo stori inapendeza. Mti unaoogopwa haukatwi kirahisi. Tabu inaanza pale kiumbe anapotolewa mtini na kuwekwa ndani ya mwili wa mtu.

PALE STORI INAPOUA

Ireland hiyo hiyo, Machi 1895. Mwanamke anaitwa Bridget Cleary, fundi cherehani, aliugua siku kadhaa. Mumewe akaamini yule kitandani si mke wake, ni kiumbe aliyebadilishwa. Ndugu wakamshika, akanyweshwa madawa ya mitishamba, na mwisho mume akamchoma moto. Mahakama ilimfunga.

Zanzibar, 1995, ule mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Popobawa alitikisa Pemba na Unguja, watu wakalala nje makundi makundi. Katika hofu hiyo kijana mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliodhani ndiye. Popobawa hakukamatwa mpaka leo. Aliyezikwa ni binadamu.

Na sasa turudi nyumbani, maana hii inatuhusu kila siku. Mtoto ana homa kali, ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, anatetemeka. Tunasema degedege. Jina limetokana na ndege, kwa imani kwamba kuna ndege au shetani anayepita usiku na kumgusa mtoto kwa kivuli chake. Tafiti za Bagamoyo miaka ya 1990 ziliona kwamba watu wengi walichukulia degedege na malaria ni vitu viwili tofauti. Malaria ya hospitali, degedege ya mganga. Wengine waliamini kabisa kwamba sindano itamuua mtoto.

Ukweli ni kwamba hali hiyo inaweza kuwa malaria kali inayogusa ubongo, na kila saa inayopotea ni hatari. Mtoto anaweza kufa, au akapona na kubaki na ulemavu. Halafu mtaani wanasema "kachezewa na majini".

TUWAACHE BASI?

Hapana. Mimi nataka mwanangu aje amjue Kinyamkera kuliko Tinker Bell. Nataka ajue Bunju ilikuwa na pori, pori lilikuwa na mwenyewe, na babu zake waliomba ruhusa kabla ya kukata mti. Hiyo ni historia yetu na haimo kwenye katuni.

Ila Kinyamkera abaki mtini kwake. Mtoto akikakamaa usiku, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, ita bodaboda au bajaji, hospitali fasta. Bibi akitaka kusoma dua asome njiani, hakuna shida, bora gari linatembea.

Haya wadau, kwenu mlisimuliwa nani? Chunusi, kibwengo, au yule wa mbuyu wa mtaani? Shusha stori yako hapo chini, na mwenye bibi Mzaramo amuulize leo kabla hajasahau.