Pipa dogo, divai ya maembe na hatari ya kugeuka siki

Maneno mvinyo na pipa tuliyapata Pwani kutoka kwa Wareno. Leo yamefika mbali na bahari, hadi Matiliku katika Kaunti ya Makueni. Huko msimu wa maembe ukifika, matunda hushuka bei na mengi huozea chini ya miti. Kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda kipo Kalamba, ila si kila tunda hufika huko. Ndiyo sababu mtu hufikiria kutengeneza divai nyumbani na kuilaza katika pipa la mbao. Swali la kwanza ni hili: pipa la ukubwa gani?

Pipa la mti wa mwaloni, ambao Ulaya na Marekani hutumia tangu zamani, hufanya kazi tatu. Huipa divai ladha ya vanila, viungo na ukakasi. Huingiza hewa kidogo kidogo kupitia mbao. Pia hupoteza sehemu ya divai kwa uvukizi. Kazi zote tatu hutegemea eneo la mbao linalogusa kila lita.

Pipa la kawaida la Bordeaux, Ufaransa, hubeba lita 225. Ukichukua pipa la umbo lilo hilo la lita 20, kila lita hugusa mbao zaidi ya mara 2. La lita 5 hufikia mara 3 na nusu. Tena mbao za pipa dogo mara nyingi huwa nyembamba, kwa hiyo hewa hupenya upesi zaidi.

Matokeo yake ni kwamba divai inayolazwa mwaka mmoja au zaidi katika pipa kubwa huweza kujaa ladha ya mbao kwa wiki chache tu katika pipa dogo jipya. Lakini kuiva hakuharakishwi hivyo. Ladha ya mbao hutangulia, na divai yenyewe hubaki changa. Mwenye pipa dogo aionje kila wiki, aitoe mapema, na ajue kuwa pipa likitumika mara kadhaa ladha yake hupungua.

Hatari kubwa ni hewa. Anayejua mnazi hahitaji kuelezwa: tembo tamu la asubuhi huwa kali jioni, na likiachwa siku kadhaa huwa siki. Divai nayo ni hivyo hivyo. Katika joto na ukavu wa Makueni, pipa dogo hupungua haraka, na nafasi tupu inayobaki juu huwapa nguvu bakteria wa siki. Pipa lijazwe mara kwa mara hadi mdomoni, na likae penye ubaridi na kivuli. Pipa likikauka, mbao husinyaa na kuvuja, hivyo lilowekwe maji kabla ya kutumika.

Asiye na pipa atumie chupa kubwa ya kioo na vipande vya mwaloni vilivyochomwa kidogo, takriban gramu 2 hadi 4 kwa lita. Ni rahisi zaidi, na hewa hudhibitika.

Kuna jambo lisilo na mzaha. Mapipa ya plastiki au chuma yaliyobeba kemikali yasitumike kamwe, hata yakioshwa. Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu wengi katika kaunti kadhaa za Kenya, Makueni ikiwemo. Tena Sheria ya Kudhibiti Vinywaji vya Pombe ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza pombe ya kuuza, na utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Ulizia kabla ya kununua pipa.

Na kwa jirani asiyekunywa, funzo ni lile lile kinyumenyume. Chombo kipana chenye hewa nyingi ndicho kinachofaa kwa siki ya maembe, nayo huuzika kwa achari bila ugomvi na mtu.